Rangi ya Bure

Bibiane hakuwahi kutamani gari maishani mwake. Niliseme hilo mapema, maana pale mtaani Bigo kuna midomo isiyo na kazi inayosema kwamba alitaka ukubwa, alitaka kuitwa patronne, bosi wa kike, ndiyo maana yakamkuta. Waache waseme, mdomo haulipi kodi. Mwanamke huyu alilima viazi Fataki miaka ishirini, akabeba magunia kichwani mpaka nywele za utosini zikaisha, na siku Fataki ilipowaka kwa vita alikuja Bunia kwa miguu, siku tatu, na kitenge kimoja mwilini. Mama mmoja wa kanisa alimpa kopo la maharage aanzie. Akaliuza, akanunua makopo mawili. Hivyo ndivyo alivyosimama tena, kopo kwa kopo, na mume hakuwa naye kwa sababu homa ilikuwa imemchukua zamani.

Alichokitaka Bibiane ni mama yake, si kitu kingine. Bibi kizee Véronique alibaki Fataki. Siku ile ya kukimbia aliteleza kwenye mtaro nyuma ya nyumba, nyonga ikavunjika, na watu waliokuwa wakimbeba walimwacha kwa jirani aitwaye Fifi ambaye naye alichelewa kuondoka. Nyonga ilijiunga yenyewe, ikajiunga vibaya. Tangu hapo Véronique hakukaa tena wala kusimama. Alikuwa wa kulala, na mara tatu kwa siku mtu alipaswa kumgeuza ubavu ili ngozi isioze. Bibiane alituma pikipiki moja imlete. Hawakufika hata kilomita moja, bibi akazimia kwa maumivu, dereva akamrudisha. Akajaribu kukodi gari. Kila mwenye gari aliposikia neno Fataki alicheka kwa huzuni, na mmoja akamwambia wazi, "Mama, ile barabara inakula magari. Yangu sitoi."

Basi akangoja. Alingoja miaka, na huku akingoja Fifi alimgeuza bibi kizee kama mama yake mzazi. Halafu mwezi wa sita Fifi akapiga simu.

"Mama Bibiane, siye tunatoka. Mwisho wa mwezi hatuko hapa tena, batu karibu bote wameisha kwenda. Muzee mama nitamuachia nani?"

Hapo hapakuwa na kungoja tena. Mwisho wa mwezi mama yake angebaki peke yake katika nyumba isiyo na mtu, amelala ubavu mmoja. Bibiane aliuza ng'ombe wake wawili waliokuwa wakichungwa na shemeji yake kule Kasenyi, akaomba zamu yake katika likelemba, mchango wa kupokezana wa wanawake wa soko, nao wakampa hata kabla haijafika. Mungu awabariki wale wanawake. Kama hakuna anayekodisha gari liende Fataki, basi atanunua la kwake.

Mdogo wake Nathanaël ndiye aliyekuwa na ujuzi. Miaka kumi na miwili aliendesha malori ya watu, Bunia hadi Komanda, Bunia hadi Mahagi, na hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Alikuwa mpole, mwenye mzaha, na akimpenda mtu alimtania. Bibiane, dada mkubwa ambaye yeye alimwita yaya, alipomwambia habari ya gari, akasema, "Yaya, weye iko mwenda wazimu. Twende tuone."

Walimwendea Léon, mwenye uwanja wa magari ya mtumba kwenye njia ya kutoka mjini. Léon alikuwa mnene, mchangamfu, shati jeupe, na simu mbili mkononi. Alikuwa na pick-up moja ya mazutu, yaani dizeli, ya kijivu, usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayovuka kutoka Uganda. Nathanaël hakutaka kuiona siku hiyo.

"Tutarudi kesho asubuhi sana, patron. Na mutu asiwashe injini kabla yetu."

Kwa sababu, alimweleza dada yake njiani, injini ya mazutu iliyochoka haiwezi kudanganya asubuhi. Muuzaji akiipasha moto kabla mteja hajafika, itaitika mara moja na utafikiri ni nzima. Ukitaka kujua ukweli wake, ikute ikiwa baridi.

Kesho yake wakafika umande ukiwa bado juu ya vioo. Nathanaël aliweka kiganja kwenye boneti, kisha kwenye rejeta, akatikisa kichwa kuridhika. Akawasha. Ikashika mara ya kwanza. Moshi mweupe kidogo, halafu ukaisha. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaona haipumui kwa nguvu. Akaweka kiganja kwenye ekzosi, akakinusa. Akaingia chini ya gari na shati lake safi, akatoka na tope mgongoni na meno yote nje.

"Yaya, huyu moyo wake ni muzima kabisa. Mara hii hatukuuziwa mbuzi ndani ya gunia."

Akamuuliza Léon gari lilikuwa likifanya kazi wapi. "Epulu," akasema Léon bila hata kupepesa jicho. "Lilikuwa linabeba vyakula, njia ya msituni. Kazi ya pole."

Na mbele, juu ya boneti nzima, kwa herufi nyekundu ndefu kama mkono, palikuwa pameandikwa: MUNGU ANAJUA. Magari mengi ya kwetu yana maandishi, mtu anaandika anachotumaini. Bibiane alipoyaona, machozi yalimtoka. Alisema moyoni kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyemsimamishia gari hilo pale uwanjani. Léon akaandika karatasi ya kuuziana, wakatia sahihi, na saa nne asubuhi mwanamke aliyetembea siku tatu kwa miguu akawa na gari.

Sasa fika hapa na moyo wako, maana ndipo lilipoharibikia.

Karibu na uwanja wa Léon palikuwa na garaji ya Abdoul, fundi wa kuchomelea vyuma na kupaka rangi. Abdoul alikuwa mtu wa Nizi, alikotengeneza magari ya wachimba dhahabu kwa miaka mingi. Mwislamu, mtu wa maneno machache, kofia yake ya kufuma imeunguzwa na cheche. Bibiane alimwomba atengeneze fremu ya chuma nyuma ya pick-up, ya kushika turubai, na pete nne sakafuni za kufungia godoro, ili mama asiteleze kwenye mashimo. Abdoul alifanya kazi nzuri. Pete alizizungusha kwa nyundo moja moja mpaka hazina ncha ya kumkwaruza mtu.

Alipomaliza akasimama mbele ya gari, akayaangalia yale maandishi kwa muda mrefu.

"Mama," akasema, "niruhusu nipake hii boneti. Rangi moja, kijivu kama pande zingine. Nitapaka bure."

"Bure? Juu ya nini? Sababu gani?"

Abdoul akageuka kidogo kuelekea lango. Léon alikuwa amesimama pale na simu zake, hatua kumi tu, anawatazama huku akitabasamu.

"Itapendeza," akasema Abdoul. "Ni vile tu. Itapendeza zaidi."

Jamani, nani Bunia anapaka rangi bure? Rangi ni dola, petroli ya kuichanganya ni dola, hata sandpepa ni dola. Mtu anayejua bei ya kila kitu akikuambia bure, kaa chini umuulize mara ya pili na ya tatu, umvute pembeni, umnunulie chai. Lakini Bibiane hakusikia neno bure. Alisikia mtu wa msikiti anataka kufuta jina la Mungu kwenye gari lake, na damu ikampanda. Tangu utoto alifundishwa kwamba karatasi yenye jina la Mungu haitupwi chini wala haifungiwi karanga. Itakuwaje boneti?

"Fundi, jina la Mungu halifutwi. Ama ni kwa kuwa aliyeandika hakuwa wa kwenu?"

Nathanaël alimshika mkono dada yake kwa aibu. Abdoul hakukasirika. Alimtazama, akatazama tena langoni, akavuta pumzi kana kwamba atasema kitu.

"Mungu ni mumoja, mama," akasema. Akainama kukusanya vyuma vyake.

Jumapili gari likabarikiwa. Kwaya iliimba, mchungaji akaweka mkono juu ya herufi zile nyekundu, watoto wakapanda nyuma wakazungushwa mtaa mzima na Nathanaël akipiga honi. Vanessa, mke wa Nathanaël, alicheza mbele ya gari na kitambaa mkononi. Bibiane aliniambia kwamba hiyo ndiyo siku pekee tangu Fataki iungue aliyosahau kuogopa.

Jumatano waliondoka alfajiri, dada na kaka, na godoro jipya nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Katikati ya njia, kwenye mteremko wenye mikaratusi pande zote, waliona kamba ya barieri, ya kuzuia magari, imelala chini vumbini na hakuna mtu. Nathanaël alisema, "Wenyewe bado wamelala," wakapita. Fataki walikuta nyumba nyingi zimebaki kuta. Fifi alikuwa ameshafunga mizigo yake mlangoni. Bibi Véronique alikuwa amekuwa mdogo mno, macho tu, lakini alimtambua binti yake kwa sauti kabla hajaingia, na alipomwona Nathanaël akamwambia, "Umenenepa, mutoto. Vanessa anakupikia vizuri." Wakamlaza kwenye godoro, wakafunga kamba kwenye zile pete za Abdoul, turubai juu. Gari likienda polepole hakulia hata mara moja. Alisema ni mara yake ya kwanza kuona miti ikipita juu yake.

Mbona ilikuwa inakwenda vizuri hivyo! Hilo ndilo linalomuua Bibiane mpaka leo. Injini haikukohoa, matairi hayakupasuka, mvua haikunyesha. Walichokagua chote kilikuwa kizima.

Pale kwenye mikaratusi kamba ilikuwa sasa imekazwa barabarani, na vijana saba wamesimama. Wenye bunduki walikuwa wawili, wengine mapanga. Bibiane alikuwa na noti imekunjwa tayari mkononi, kama kila mtu anayepita barieri. Kijana mmoja mwenye jezi ya mpira akaja kuichukua. Akanyoosha mkono, kisha akainua macho kwenye boneti. Mkono ukarudi chini.

Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtu aliyeacha shule mapema. "Mu-ngu a-na-ju-a." Akawaita wenzake. Wakaja wote, wakasimama mbele ya gari, wakanyamaza. Ukimya ule, Bibiane anasema, ulimwambia yote kabla neno halijatoka.

Wakafungua mlango wa kushoto wakimtafuta dereva, wakamkuta yeye.

"Dereva iko wapi?"

Nathanaël ndiye aliyeinua mkono upande wa pili. "Ni miye. Usukani iko huku, ndugu zangu."

"Mwaka jana ulipita hapa. Kamba ilikuwa juu, batoto wawili wameishika. Weye ukawakanyaga, ukaenda."

"Hapana, ndugu yangu. Hii gari tumeinunua juma lililopita. Bunia. Siye ni batu ba Fataki kama—"

"Ile andishi tunaijua. Namba wanabadilisha, andishi tunaijua. Tuliambiwa ni ya munume moja ya Nizi, munyapara wa dhahabu. Tunaitafuta kila siku."

Bibiane alitoa karatasi ya kuuziana kifuani, akaishika mbele yao kwa mikono miwili, akapiga magoti vumbini. Aliwaambia jina la Léon, aliwaambia tarehe, aliwaapia kwa mama yake aliyelala kule nyuma. Kijana wa jezi akaichukua karatasi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Karatasi hata miye ninaweza kuandika," akasema, akamrudishia.

Kisha wakapanda nyuma. Walifungua kamba kwenye pete, wakalishika godoro wanne, wakalishusha na bibi kizee juu yake, taratibu, mmoja akisema, "Pole, koko, pole," kama wajukuu. Wakaliweka chini ya mkaratusi. Ndiyo, walikuwa na adabu hiyo. Halafu wakamtoa Nathanaël, wakamfunga mikono kwa ile ile kamba ya godoro, wakampandisha mahali mama yake alipokuwa amelala. Mmoja wao akashika usukani.

Nathanaël hakupiga kelele. Alimtazama dada yake akasema, "Yaya, funika mama. Jua ni kali." Gari likaingia njia ya miti. Injini ile nzima, waliyoikuta baridi asubuhi ile, Bibiane aliisikia mpaka ikapanda kilima, ikashuka, ikapotea. Mlio wa bunduki hakuusikia. Kwa sababu hakuusikia, alitumaini kwa wiki saba.

Bibi Véronique alikuwa ameona kila kitu. Alilala pale akitazama majani. "Ungeniacha kule, mutoto wangu," akasema. "Ungeniacha tu." Alasiri lori la makaa likapita, likawabeba.

Sitakusimulia milango yote aliyobisha Bibiane baada ya hapo. Kwa wakubwa wa askari, kwa wakubwa wa dini, kwa watu wanaosemekana wana simu ya wale vijana. Kila mtu alisema pole. Hakuna mwili, hakuna kiatu, hakuna kaburi. Baada ya wiki zile saba matanga yalikaliwa mbele ya picha. Vanessa alikuja siku moja, akaingia bila hodi, akalitoa msumarini koti la mumewe alilolisahau siku ya baraka, akatoka. Hajaukanyaga ua ule tena, na Bibiane hawezi kumlaumu.

Siku ya arobaini ya matanga alikwenda garaji kwa Abdoul. Alimkuta anapiga kwa nyundo bodi iliyobonyea ya gari la mteja.

"Ulijua," akamwambia.

Abdoul akaweka nyundo chini. "Niliitengeneza Nizi baada ya ile ajali. Boneti ilikuwa imebonyea, miye ndiye niliyeinyoosha. Damu niliiosha miye."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia nifute, mama."

"Hukuniambia juu ya nini!"

"Léon alikuwa amesimama pale." Akavua kofia, akaikunja mikononi. "Mwenye kuuza gari kama ile si mutu wa kuchezea. Niko na watoto sita. Nilifikiri, nikifuta, imekwisha, hakuna mutu ataumia. Weye ukakataa. Nikasema basi, Mungu anajua."

Bibiane alimpiga kofi. Abdoul alilipokea. Wakabaki wamesimama, na mwisho wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake wa gari lile lililobonyea, kwa sababu kila mmoja alijua sehemu yake. Rangi kopo moja. Bibiane angesema ndiyo tu, ndugu yake angekuwa nyumbani anamtania mama yao.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, Abdoul alikuja mwenyewe Bigo. Hakukaa.

"Mama, mara hii ninakuambia. Ile gari yako imerudi, iko kwa Léon. Njoo uone."

Aliikuta uwanjani, ya bluu sasa, inang'aa, boneti safi haina neno. Fremu ya turubai ilikuwa imekatwa, lakini zile pete nne sakafuni walizipaka tu rangi juu, na Bibiane alizijua. Palikuwa na mteja, bwana mmoja mtulivu aliyesema anatoka Komanda na hili litakuwa gari lake la kwanza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye rejeta. Léon alikuwa anamwambia lilifanya kazi Epulu.

Bibiane hakumsalimia mtu. Ufunguo wa kufuli ya nyumba yake ulining'inia shingoni kwa uzi. Aliuvuta, akaenda mbele ya gari, akaanza kukwaruza. Léon alipiga kelele, akamkamata bega. Abdoul akaja akasimama katikati yao na nyundo yake mkononi, mbele ya watu wote. Bluu ikatoka vipande vipande, kijivu kikatokea, na katikati yake wekundu. Alikwaruza mpaka MUNGU likasomeka lote, na ANA, mkono wake ukitoka damu.

"Mulize ilitoka wapi," akamwambia yule bwana. "Ilikanyaga batoto wawili. Ikamupeleka ndugu yangu Nathanaël, walimukamata ndani yake, hakurudi. Huko barabarani wanaijua. Ukinunua, usiseme haukuambiwa."

Yule bwana alizitazama herufi, akamtazama Bibiane kwa huruma ya kweli, akamwambia pole sana, mama. Akazunguka gari mara moja tena. Akapiga tairi kwa ncha ya kiatu, akarudi kusimama mbele ya Léon.

"Patron," akasema, "kama ni hivyo, basi bei ishuke."

Bibiane akarudisha ufunguo shingoni. Saa sita ilikuwa imefika, akaenda nyumbani kumgeuza mama yake ubavu.